Mbeya, Iringa au Tukuyu: mwanafunzi mgeni akae na familia ipi?

Kijana anayetoka Lubumbashi, Bujumbura au Mombasa kuja kusoma Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huuliza habari za chuo kwanza, kisha ada, kisha nauli. Atalala wapi huuliza mwisho, mara nyingi tiketi ikiwa tayari mkononi. Hapo ndipo simu hutufikia sisi tunaojuana na walimu wa vyuo na akina mama wa mitaani: "Mama, nitafutie familia nzuri." Familia nzuri ni nyingi. Kazi ni kujua ipi inamfaa nani.

Kipimo changu nimekichukua kwenye methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza nyumba zote hufanana. Kuku atachinjwa, soda itafunguliwa, utaketishwa kwenye kochi linalotazama televisheni, na watoto watakuchungulia kutoka mlangoni. Tofauti huanzia kwenye jembe: linatolewa lini, analitoa nani, au halitolewi kabisa. Mwanafunzi ambaye mwezi wa tatu bado anafunguliwa soda na kuambiwa "wewe kaa tu" hajapokelewa nyumbani, amehifadhiwa.

Kwa hiyo nitalinganisha nyumba za namna tatu ninazozijua vizuri: ya mjini Mbeya, ya mjini Iringa, na ya wakulima kule Tukuyu. Hosteli na chumba cha kupanga nitavigusa baadaye kidogo, kwa sababu wengi huvikimbilia.

Nyumba zenyewe

Mbeya ni jiji lililojipanga kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kiko upande wa Iyunga. Chuo Kikuu cha Mzumbe wana ndaki yao mtaa wa Forest. Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji kiko mtaa wa Block T. Na ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa kwa ajili ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Familia zinazopokea wageni huwa za watumishi wa serikali, wahadhiri, au wafanyabiashara wenye fremu, yaani vyumba vya duka, sokoni Mwanjelwa. Nyumba ina ukuta, geti, na mara nyingi vyumba vya wapangaji uani. Anayekuja kutoka Zambia au Katanga hupapenda Mbeya kwa sababu nyingine pia: reli ya TAZARA inayoanzia Kapiri Mposhi inapita hapa hapa, na aliyepita njia ya basi akishavuka mpaka wa Tunduma amebakiza kama kilometa 100 tu.

Iringa ni mji wa mlimani hasa. Barabara kuu inapita chini, Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo, na wewe unapandishwa na daladala hadi mjini. Kuna Mkwawa, ambayo ilikuwa shule ya sekondari kabla ya kufanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa cha KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri, na Ruaha cha Wakatoliki. Wenyeji wa wanafunzi huku ni walimu, walimu wastaafu na watumishi wa makanisa, walioko Gangilonga, Kihesa au Mtwivila. Nyumba si kubwa. Sebule imejaa vitambaa vya kufuma na picha za mahafali. Aliyetoka Nairobi anafika kwa lami mwanzo hadi mwisho kupitia Arusha, Babati na Dodoma, bila kuzungukia Dar es Salaam.

Tukuyu, makao ya wilaya ya Rungwe, iko kwenye barabara inayotoka Uyole, ukingoni mwa jiji la Mbeya, kushuka Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Huko huenda zaidi wanafunzi wa uuguzi na udaktari walio katika mazoezi ya vitendo, wa kilimo, na watafiti wanaofuata chai, parachichi au historia ya milima ya volkano. Nyumba iko katikati ya migomba. Ng'ombe wawili watatu wako bandani wanalishwa hapo hapo, na jiko liko nje, peke yake.

Baridi, kwanza kabisa

Naianza kwa sababu ndiyo inayowaliza watu wiki ya kwanza, na hakuna anayewaambia kabla. Mbeya mjini iko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa inazidi meta 1,500. Juni na Julai usiku nyuzi joto hushuka chini ya 10. Nyumba zetu hazina mtambo wa kupasha joto. Bati juu, sakafu ya saruji chini, na upepo unaopita penye nafasi kati ya dirisha na fremu. Mtu wa Mombasa anayeingia mwezi wa sita na shuka moja atajuta kabla ya alfajiri.

Baridi ya mahali pote si moja, lakini. Ya Mbeya inang'ata usiku na asubuhi, kisha jua linatoka na watu wanavua masweta saa nne. Ya Iringa ina upepo mkavu wenye vumbi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Midomo inapasuka na ngozi inakuwa nyeupe, hivyo mafuta ya kupaka ni ya lazima kwa kaka na kwa dada. Ya Tukuyu ni ya maji. Mvua pale hupita milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya inayonyesha Iringa, na ukungu unaweza kukaa mpaka mchana. Nguo hazikauki. Utavaa mabuti ya mpira kwenda darasani na kubeba viatu kwenye mfuko, na hakuna atakayekucheka maana na wao wamevaa hivyo hivyo.

Sweta usinunue kwenu. Mitumba ya Mwanjelwa itakuvisha vizuri kwa bei nafuu. Cha kuuliza familia kabla hujafika ni viwili: blanketi ngapi, na maji ya kuoga yanachemshwa na nini. Usione aibu kwa hili la pili. Maji ya moto ni mkaa, ni gesi, ni umeme wa LUKU unaolipiwa kabla ya kutumika, na kila ndoo unayochemshiwa mtu ameilipia. Wenyeji wengi huoga jioni mapema jua likiwa bado lina nguvu. Ukiiga, utaokoa mkaa wa mama na mgongo wako mwenyewe.

Jambo moja la hatari: usiingize jiko la mkaa chumbani na kulala mlango ukiwa umefungwa. Hewa yake haina harufu na inaua, na kila msimu wa baridi nchini tunasikia habari za namna hiyo. Familia za hapa zinaota moto jikoni, zinautoa, halafu zinakwenda kulala.

Jikoni

Chakula chenyewe hakitakusumbua. Mbeya utakula wali wa Kyela unaonukia mpaka kwa jirani au wa Mbarali wa kila siku, ndizi, na dagaa wa Ziwa Nyasa. Iringa ni ugali zaidi, kwa maharage, majani ya maboga na mnafu, na viazi na njegere kwa wingi. Tukuyu ni ndizi za kupika, magimbi, maharage na maziwa, na parachichi utalila mpaka ulizoee kama chumvi.

Kinachotofautiana ni nani anaruhusiwa kuingia jikoni. Katika nyumba nyingi za mjini Mbeya jiko ni la dada wa kazi. Mama anarudi dukani usiku, baba anarudi kwenye kikao usiku zaidi, na wewe ukiingia jikoni dada anaona umekuja kumkagua. Iringa, katika nyumba za walimu, mama mwenyewe anarudi saa kumi, anafunga kanga juu ya nguo za kazini na kuanza kuchambua mboga, watoto wakimzunguka. Ukivuta kigoda ukaanza kuchambua naye, basi. Mazungumzo yote ya nyumba hiyo utayapata hapo: nani mgonjwa, nani anaolewa, kwa nini hatununui tena kwa yule mwenye duka la kona.

Tukuyu jiko la kuni ndiyo sebule ya kweli. Sebule yenye makochi ni ya mchungaji na ya wageni wa harusi. Mvua ikinyesha, watu wote wako jikoni, moshi machoni, na bibi ndiye mwenyekiti. Mvulana akiingia kupika huenda akachekwa, lakini kupasua kuni au kumletea mama maji kutampa kiti pale pale.

Jembe linatoka lini

Mbeya, kwa uzoefu wangu, linachelewa. Si kwa ubaya. Watu wako mbioni: wanatoka saa kumi na mbili asubuhi ili wawahi kabla foleni ya Mwanjelwa na Mafiati haijakaza, na wanarudi wamechoka. Mgeni anabaki na televisheni na dada wa kazi. Anapewa ufunguo wake wa geti mapema, jambo ambalo mwanzoni anaona ni heshima kubwa, na baada ya miezi miwili anagundua kwamba hakuna anayejua ametoka saa ngapi wala amekula wapi. Uani kukiwa na wapangaji, familia tayari ina namna ya kuishi na watu wanaolipa: salamu asubuhi, kodi kwa wakati, kila mtu na mlango wake. Bila mtu yeyote kukusudia, na wewe unaingizwa kwenye daftari hilo.

Dawa yake ni kuomba jembe mwenyewe. Nawaambia wanaokaa Mbeya: Jumamosi nenda na mama Mwanjelwa. Kaa naye kwenye fremu, pima mchele, rudisha chenji. Siku moja ya kusimama dukani inazaa mazungumzo ambayo wiki nzima ya chakula cha jioni haikuzaa, na wateja watakujua kama mtoto wa Mama Fulani. Ukishaitwa hivyo, hata wale vijana wa bodaboda wanaosimama pale njiani wanaacha kukutoza bei ya mgeni.

Iringa jembe linakuja na daftari la hesabu. Nyumba ya mwalimu ina ratiba, ina muda wa kusoma, na ina watoto wa shule ya msingi ambao wameshasikia kwamba mgeni ni wa chuo kikuu. Kabla wiki haijaisha utakuwa umeketishwa mezani na mtoto wa darasa la sita na hesabu zake za sehemu. Umeshakuwa kaka, umeshakuwa dada, na kaka au dada hasubiri kuandaliwa chai. Ndiyo maana mimi, nyumba mbili zikilingana kwa mengine yote, humpeleka mwanafunzi kwenye yenye watoto wa kati ya miaka sita na kumi na miwili. Watu wazima wanaona haya kukusahihisha unapokosea. Mtoto atakuambia mbele ya wote kwamba hukumwamkia babu.

Na hapo kwenye kuamkia, angalieni sana, hasa mnaotoka Kenya na Congo ambako watu husalimiana kwa "habari" wakaendelea na safari. Huku shikamoo haiachwi, na haitupwi ukiwa unatembea. Unasimama. Mbele ya wazee, dada anakunja goti kidogo. Kaka anainama, mikono haiko mfukoni. Ukiongeza "kamwene" kwa wazee wa Kihehe na Kibena, au "mwaghonile" kwa Wanyakyusa, utaona uso wa bibi ukifunguka. Hata ukilitamka vibaya. Na nyumba ya Iringa itakufundisha hayo haraka kuliko ya Mbeya, kwa kuwa jiji lina watu wa kila mahali na limeshazoea wasiosalimia.

Tukuyu methali inafuatwa neno kwa neno. Siku ya tatu ni jembe kweli: palizi ya maharage, kukata majani ya ng'ombe, kubeba ndizi hadi barabarani. Kwa mtu aliyekuja miezi miwili au mitatu kufanya mazoezi hospitalini, hiyo ni baraka. Anaondoka na ndugu. Kwa mtu mwenye mitihani ya muhula mzima na tasnifu ya kuandika, ni mzigo, na kusema kwamba umechoka si rahisi wakati bibi wa miaka sabini ndiyo kwanza anaanza mstari wa pili.

Kuna na misiba. Huku Rungwe msiba unasimamisha mtaa. Watu hawaendi kutoa pole na kurudi. Wanakaa, wanapika, wanachota maji, wanalala hapo. Familia yako ikifiwa au jirani akifiwa, mgeni anayebaki chumbani kusoma anaonekana, na atakumbukwa hivyo. Sisemi uache masomo kila kunapolia. Nenda siku ya kwanza, beba kuni au ndoo ya maji, kaa na rika lako, kisha mwambie mama wazi kwamba kesho una mtihani. Ataelewa, na yeye mwenyewe ndiye atakayekuombea udhuru kwa wengine. Mbeya na Iringa mambo ni hayo hayo lakini mjini saa za kukaa ni chache, na mchango wa fedha unakubalika zaidi badala ya mikono.

Mvulana anayekwenda Tukuyu asishangae akipewa chumba cha nje, mbali na nyumba kubwa. Zamani wavulana wa Kinyakyusa walijenga vibanda vyao pembeni, wakaishi rika moja pamoja, na kurudi kwa mama zao kula tu. Mila ya vijiji vya rika imekwisha, ila wazo kwamba kijana mkubwa halali ukuta mmoja na baba yake bado liko kwa wazee. Chumba cha nje si kufukuzwa. Kina uhuru wake, ingawa choo nacho kiko nje na usiku kuna baridi na mbwa.

Mengine, kwa ufupi

Ibada. Nyumba nyingi zinazopokea wageni ni za Kikristo na sala ya jioni hufanywa kabla ya kulala. Rungwe Wamoravian wamekuwepo tangu 1891, na Jumapili ni siku nzima, kwaya tatu nne zikipokezana. Iringa Wakatoliki wana jumuiya zinazozunguka nyumba kwa nyumba, njia rahisi kuliko zote ya kujulikana mtaani. Mwanafunzi Mwislamu aombe familia ya Kiislamu, na aombe mjini, Mbeya au Iringa, ambako misikiti iko karibu na mwezi wa Ramadhani atapata wa kula naye daku. Ukiwekwa kwa Wakristo, sema mapema kuhusu kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Wenyeji wataheshimu, tatizo hutokea pale ambapo mgeni amenyamaza na sufuria ni zile zile.

Usafiri. Iringa utatembea kwa miguu, ukipanda na kushuka vilima. Mbeya utapanda daladala na utachelewa, kwa hiyo anayesoma Iyunga asikubali nyumba ya Uyole hata kama ni nzuri namna gani. Ni kulivuka jiji zima asubuhi na jioni. Tukuyu ni bodaboda kwenye utelezi.

Malaria si nyingi huku juu kama pwani, lakini ukishuka Kyela na familia kutembelea ndugu, kule ni joto na mbu wapo. Lala ndani ya chandarua.

Vibali. Mwanafunzi wa kigeni anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na chuo ndicho kinachokusaidia kukiomba. Familia kazi yake ni nyingine: kukupeleka kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ujulikane. Nyumba inayokwepa kukutambulisha serikali ya mtaa, iwe Mbeya, Iringa au popote, mimi simpeleki mtu humo.

Pesa

Hapa ndipo urafiki unapoharibika, na huharibika kimya kimya.

Nyumba za Mbeya zimezoea kutaja bei. Chumba kiasi hiki, chakula kiasi hiki, LUKU tunagawana. Inasikika kavu, lakini mgeni analala akijua anadaiwa nini. Iringa watu wanaona aibu kutaja. Utaambiwa "utachangia utakachoweza, mwanangu," nawe utafurahi, halafu mwezi wa pili utasikia mtungi wa gesi siku hizi hauchukui muda kuisha, sukari nayo, sijui kuna nini. Hayo si maneno ya gesi. Tukuyu chakula kinatoka shambani na hakuna atakayekihesabu, ila sabuni, sukari, mafuta ya kula na ada ya mtoto ni fedha taslimu ambazo nyumba ya mkulima huwa nazo baada ya mavuno tu.

Ushauri wangu haubadiliki kwa mji. Aliyekutafutia nyumba ataje kiasi mbele yenu wote, siku ya kwanza, ili wewe na mama msilazimike kulizungumza. Fedha ya chakula apewe yule anayekwenda sokoni. Nimeona nyumba ambamo baba alipokea malipo ya muhula mzima, kwa mkono mmoja, na mama akaendelea kulisha mdomo ulioongezeka kwa fedha zile zile za jana. Mwanafunzi alikuwa akinuniwa na hajui kosa lake. Fedha ilitoka kwake kweli, haikufika jikoni. Na kila unaporudi kutoka safari, hata ya siku mbili, usiingie mikono mitupu. Mkate na kilo ya sukari vinatosha.

Hosteli na geto

Hosteli ya chuo ni sahihi kwa mtu ambaye Kiswahili chake kiko sawa, ana wenzake wa kwao, na amekuja kwa digrii na si kwa kingine. Ni karibu na maktaba, ni salama, na hakuna bibi wa kumsubiri. Ubaya wake ni kwamba Warundi watakaa na Warundi na Wakongo na Wakongo, na miaka mitatu ikaisha hujawahi kuingia nyumba ya mtu.

Geto, yaani chumba cha kupanga peke yako, lina uhuru ambao vijana wanaupenda, na lina mambo ambayo hawayafikirii: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, kitanda na jiko ununue, na ukiugua usiku wa manane hakuna wa kugonga mlango. Mwaka wa kwanza silipendekezi kwa mtu yeyote anayetoka nje ya nchi. Mwaka wa pili, ukiwa na familia mtaani inayokujua na kukualika Jumapili, geto ni jambo zuri kabisa.

Nani aende wapi

Anayesomea uhandisi au ana maabara hadi jioni: Mbeya, na nyumba iwe umbali wa kutembea kwa miguu kutoka chuoni. Achague ya mwenye duka kuliko ya bosi wa ofisi, kwa sababu dukani kuna pa kusaidia na ofisini hakuna. Nyumba zenye geti la umeme, kamera na sebule mbili niliziacha kitambo. Wenyewe ni watu wema, lakini ndani mwao mgeni hana mahali pa kushika ufagio.

Anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza, mwenye haya, au ambaye Kiswahili chake ni cha kuungaunga: Iringa, nyumba ya mwalimu yenye watoto. Ndiyo ninayoichagua pia pale ninapoambiwa nichague bila kumjua mtu mwenyewe. Ajiandae kwa geti kufungwa mapema, maana saa mbili usiku kwa baridi ile mji umeshaingia ndani, na kwa baba mwalimu anayeuliza matokeo yako kama vile ndiye aliyekulipia ada.

Aliyekuja kwa muda mfupi, miezi miwili mitatu, na anataka kuwajua watu kuliko kusoma vitabu: Tukuyu. Mwenye pumu afikirie mara mbili kwa ajili ya moshi na ukungu. Na anayehitaji intaneti ya uhakika kila usiku kwa madarasa ya mtandaoni asiende, au apange kulala mjini Mbeya siku hizo.

Katika nyumba yoyote, piga simu kabla na uzungumze na mama, si na baba peke yake. Muulize nani atakuwepo nyumbani mchana, nitalala chumba kimoja na nani, na kazi gani za nyumbani nitafanya. Swali hili la tatu lisikilize jibu lake vizuri. Akicheka na kusema "utaosha vyombo na wenzako, na Jumamosi tunafua," hiyo ni nyumba. Akisema "aa, wewe mgeni wetu bwana, huwezi kufanya kazi," uliza mara ya pili baada ya wiki moja, na jibu likiwa lile lile tafuta nyingine.

Ukitaka kuhama

Hutokea, na haina maana kwamba mtu yeyote ni mbaya. Usihame kwa hasira na usimwambie mama mwenyewe kwanza, kwa sababu atalichukua kuwa ni chakula chake. Mwambie aliyekuleta. Yeye atakwenda kwa baba na mama, ataongea nao kuhusu umbali wa chuo au mitihani, nao watajua kinachosemwa bila kutajwa. Subiri mwezi uishe, lipa wote hata kama ulikaa nusu, osha shuka ulizolalia. Siku ya kuondoka waage watoto na jirani wa kushoto na kulia, na umwambie mama utakuja kula Jumapili ya pili. Uende kweli hiyo Jumapili, na sukari yako mkononi, maana mji ni mdogo na mwanafunzi atakayekuja baada yako ataletwa kwa mama huyo huyo.